Maongezi ya Chakula Hayashibishi Mpaka Yafike Jikoni

Msafiri apitaye Isingiro kwa mara ya kwanza husema kwamba nchi hii haijui njaa. Macho yake ndiyo yanayomwambia hivyo. Kibanja hupakana na kibanja, migomba imezunguka nyumba, mibuni imejipenyeza kivulini, na maharage yametanda kila penye nafasi. Isingiro tunayoisema ni ya wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, iliyokuwa sehemu ya Karagwe mpaka wilaya ilipogawanywa mwaka 2012. Si ile ya Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera, ingawa majina ni pacha na lugha za pande mbili ni ndugu.

Basi sikilizeni hesabu hii. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Kagera wenye umri chini ya miaka mitano, wapatao 42 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyoupasa umri wao. Kwa Tanzania nzima walikuwa 34 katika 100. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wapatao 34 kwa Kagera na 30 kwa nchi nzima. Tumesogea mbele, lakini bado mtoto mmoja katika kila watatu wa mkoa huu wa migomba amedumaa.

Kudumaa si ufupi wa kurithi tu. Mwili wa mtoto umekosa vitu vya kuujenga katika zile siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi atimize miaka miwili, na ubongo wake nao umekosa sehemu yake. Darasani huchelewa kushika. Akiwa mtu mzima, nguvu zake za kazi hupungua. Yaliyopotea katika siku hizo ni vigumu sana kuyarudisha.

Je, yawezekanaje mtoto adumae kando ya mkungu wa ndizi? Maradhi ya mara kwa mara na maji machafu yana sehemu yake. Lakini sababu iliyo karibu na kila nyumba ni hii, kwamba tumbo laweza kujaa na mwili ukabaki na njaa. Na hapo yanaingia maongezi: nani husema juu ya chakula nyumbani, nani husikiliza, na kinafuata nini baada ya maneno. Hilo ndilo tutakalolitazama leo.

MAONGEZI NDANI YA SIMU

Siku hizi kuna namna mpya ya maongezi iitwayo podikasti. Neno lenyewe lilizaliwa mwaka 2004, mwandishi mmoja Mwingereza alipounganisha jina la iPod, kile chombo kidogo cha kusikilizia muziki, na neno la Kiingereza la kutangaza. Jambo lenyewe ni rahisi. Watu wawili watatu huketi mbele ya kipaza sauti, wakazungumza nusu saa au saa nzima. Maneno yao hurekodiwa, kisha huwekwa katika intaneti. Mwenye simu huyasikiliza saa aipendayo, akipalilia au akichuma kahawa. Redio ikishasema imesema, lakini podikasti hukungoja.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2019 mtangazaji wa Nairobi, Adelle Onyango, alianzisha podikasti iitwayo Legally Clueless, ambamo watu wa Afrika husimulia maisha yao wenyewe, misiba yao na hofu zao na jinsi walivyosimama tena. Katika podikasti nyingine huzungumzwa mapishi ya nyumbani, mila za ndoa, usingizi, unene na upweke.

Hatuna ugomvi na maongezi hayo. Mtu aliyenyamaza miaka mingi, akisikia mwenzake anasema jambo lile lile linalomsumbua, hupata nafuu. Lakini ziko nyumba ambamo mambo huenda hivi: kila mtu husikiliza peke yake, na visikilizio vimeziba masikio. Binti husikia habari za lishe, naye mama anayekoroga chungu hatua tatu kutoka kwake hasikii neno. Kijana husikia habari za ulevi, baba yake hana habari. Elimu imeingia nyumbani, lakini imekaa ndani ya kichwa kimoja, na chungu cha jioni ni kile kile cha jana.

MAFIGA YALIKUWA SHULE

Zamani maongezi ya chakula hayakuhitaji mtambo. Yalifanyika penye mafiga. Binti alimenya ndizi pamoja na nyanya yake, na huku akimenya akaambiwa ndizi ipi ni ya kupika, ipi ya kuchoma na ipi ya pombe. Senene walipokuja na mvua za mwisho wa mwaka, alionyeshwa kuwanyonyoa mabawa na miguu na kuwakaanga wasiharibike. Hapo hapo alisikia mzazi apewe nini, mgonjwa apewe nini, na mgeni akaribishwe vipi. Hakuna aliyeita hayo somo la lishe, lakini somo lilikuwapo.

Tusidanganyane kwamba yote yaliyofundishwa yalikuwa mema. Mwaka 1861 wasafiri Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, walikuta wanawake wa jamaa ya kifalme wakinyweshwa maziwa mengi mno wapate kunenepa, kwa kuwa unene ulihesabiwa kuwa uzuri na heshima. Katika nchi kadhaa za Maziwa Makuu, mwanamke alikatazwa mayai na nyama ya kuku, hata akiwa mja mzito. Leo mwanamke akila yai hakuna anayeshangaa. Basi mila ya chakula si mwamba. Watu waliifanya, na watu wakizungumza huweza kuigeuza, wakashika iliyo njema na kuacha yenye madhara.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera. Miaka iliyofuata iliondoa akina baba na akina mama wengi, wa umri ule hasa wa kulea. Watoto walibaki na babu na nyanya, au na kaka ambaye mwenyewe ni mtoto. Wengi waliokua hivyo ni wazazi leo. Walijifunza kupika kwa kuwa iliwabidi, na mara nyingi hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa nini hiki na si kile. Basi ukimkuta mama kijana asiyejua la kumlisha mtoto wa miezi saba, usiharakishe kumwita mvivu. Jiulize kwanza nani angemfundisha.

REDIO ILIYOKUSANYA WATU

Kuna wakati Tanzania ilizungumza habari za afya na chakula kwa pamoja, kijiji kwa kijiji. Njia yenyewe ilikuwa imekwisha jaribiwa kwingine. Tangu mwaka 1941 wakulima wa Kanada walikutana majumbani kusikiliza redio, na shauri lao lilikuwa kusoma, kusikiliza, kujadili na kutenda. Mwaka 1956 vijiji vya Poona, katika India, vikafuata.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kwa majuma 12 kila kikundi kilikutana, kikasikiliza redio na kusomewa kijitabu, kisha kikazungumza. Walizungumza malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Mwisho wake vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, madimbwi yakafukiwa, na nyasi zikafyekwa karibu na nyumba. Mwaka 1975, baada ya ukame mkali, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, nayo ikakusanya zaidi ya watu milioni moja juu ya kulima na kula vizuri.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa nini? Redio ilisaidia, lakini siri yenyewe ilikuwa katika maswali yaliyofuata ilipozimwa: hapa kwetu mambo yakoje, tufanye nini, na nani ataanza? Mtu aliyesema mbele ya majirani zake kwamba atachimba choo, aliona haya kukutana nao juma la pili shimo likiwa halijaanzwa.

Karibu nasi zaidi, katika wilaya ya Karagwe, redio ya jamii ya FADECO, iliyoanzishwa na Joseph Sekiku, ilianza kutangaza mwaka 2007. Redio ya namna hii ina faida ambayo mtangazaji wa mbali hana. Inajua mvua ya huku na bei ya huku, na mkulima mwenye simu ya mkononi aweza kuuliza swali lake akajibiwa.

Na swali kubwa la miaka ile lilikuwa zito kweli kweli. Mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria unaoozesha ndizi mkunguni, uliripotiwa Kagera mwaka 2006. Dawa ya kunyunyiza hapana. Kilichohitajika ni kung'oa mgomba mgonjwa, kukata ua la dume kwa mti wenye panda badala ya panga, na kupitisha panga katika moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mambo hayo ni mepesi kuyasema, lakini aliyeyafanya peke yake, jirani yake akaacha, ugonjwa ulimrudia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kibanja hakiokolewi na sikio moja.

CHUNGU CHA ISINGIRO

Sasa tutazame chungu chenyewe. Ndizi ni chakula kizuri cha nguvu. Lakini ina protini kidogo, mafuta kidogo na madini ya chuma kidogo. Mtu mzima hula sahani kubwa, akaongeza maharage na kitoweo, akapata haja yake. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo kama ngumi yake. Akijazwa ndizi iliyopondwa na maji, ameshiba, hataki tena, na vile vya kujenga mwili havijaingia.

Wauguzi wa kliniki hufundisha hivi. Hadi miezi sita, mtoto anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Kuanzia mwezi wa sita apewe chakula laini mara kadhaa kwa siku, naye aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Katika ndizi iliyopondwa yatiwe maharage yaliyoiva sana na kuondolewa maganda, au yai, au dagaa waliosagwa, au karanga zilizosagwa. Yaongezwe majani mabichi kama mchicha au majani ya maboga, na mafuta kidogo. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vinasaidia macho na afya ya mtoto, nalo papai liko kibanjani bila kununuliwa. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Karibu vyote hivi tunavyo. Kinachokosekana mara nyingi ni mapatano ya watu wa nyumba moja.

Tuseme mke kijana ameyasikia hayo katika simu yake, na mama mkwe wake yumo jikoni. Maongezi yaweza kwenda hivi:

"Mama, nasikia mtoto apewe maharage yaliyopondwa."

"Mwanangu, mume wako alikua kwa ndizi, na hebu tazama kifua chake."

"Ni kweli, mama. Na zaidi ya ndizi mlimpa nini?"

Mama mkwe atafikiri kidogo. "Maziwa. Siku zile tulikuwa na ng'ombe watatu. Kila asubuhi alikunywa kikombe."

"Na sasa ng'ombe hatuna, mama."

"Hatuna. Basi lete hayo maharage, tuyaondoe maganda pamoja."

Angalieni jambo lililotendeka hapo. Binti hakumwambia mzee kwamba mambo yake yamepitwa na wakati. Alimwuliza swali, na mzee mwenyewe akakumbuka kwamba sahani ya zamani haikuwa ya ndizi tupu. Podikasti haiwezi kujua habari za ng'ombe watatu wa nyumba ile. Mama mkwe anajua.

Na baba je? Watu wa Kagera wanalijua neno butura bila kufundishwa. Ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali ua, kwa bei ya chini, kwa sababu ya shida ya leo. Serikali imelikataza jambo hilo, lakini shida haisomi matangazo. Maharage nayo mara nyingi huuzwa gunia zima wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha yakanunuliwa kwa kilo dukani bei ikiwa juu. Mwenye kuamua hayo, katika nyumba nyingi, ni baba. Tukiyafanya maongezi ya lishe kuwa ya wanawake peke yao, tunamfundisha mpishi na kumwacha mwenye ufunguo wa ghala. Debe la maharage lililowekwa kwa ajili ya mtoto lahesabiwa kuwa akiba kama fedha, wala si hasara.

CHAKULA CHA MOYO

Maongezi hayalishi mwili tu. Katika Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Aliwafundisha kuketi na wenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, kisha kuwasaidia wachague tatizo moja na hatua moja ya kulitatua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na wasaidizi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Bibi wale hawakuwa na shahada. Walikuwa na subira, na walijua maisha ya mtaa wao. Isingiro haina upungufu wa watu kama hao. Lakini nani huketi nao? Mwanamume mwenye uchungu wa deni huupeleka kwenye lubisi, na anayempa kata ya pili hamwulizi analala vipi. Mwanamke mwenye uchungu huufunga ndani ya kanga akaenda nao shambani. Jioni wote wawili hula, huyu uani na yule jikoni, na watoto mbele ya simu. Mlo wa pamoja, hata mara moja kwa siku, ni benchi ambalo kila nyumba inalo. Na mwenye huzuni isiyokoma majuma kwa majuma, asiyelala au anayefikiria kujidhuru, apelekwe hospitali bila haya, kama apelekwavyo mwenye malaria.

TUSIMEZE KILA NENO

Kwa kuwa kila mwenye simu aweza kuwa mtangazaji, yako pia maneno ya hatari. Wako wanaoahidi kuponya kisukari kwa unga wa chupani, na wanaowashauri wagonjwa waache dawa za hospitali. Kabla ya kuyafuata maongezi yoyote ya afya, jiulizeni maswali matatu. Anayesema ni nani, na amejifunza wapi? Je, mwishoni anauza kitu? Na hayo asemayo yanafaa kwa vitu vya kibanja chetu, au yanatupeleka dukani tu? Kisha mwulizeni mhudumu wa afya. Kuuliza si ujinga.

TUFANYE NINI?

Yafuatayo yanawezekana katika nyumba yoyote, au katika kikundi cha majirani watano. Chagueni siku moja katika juma. Anayefika penye mtandao mzuri apakue mazungumzo, awagawie wenzake kutoka simu hadi simu, ili bando la mmoja litoshe wote. Simu iwekwe katikati, ndani ya bakuli tupu, na sauti itaongezeka. Msikilize dakika ishirini, kisha mzime.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Aanze kusema mdogo, amalize mkubwa, maana mzee akitangulia, vijana watakubali yote kwa adabu na hawatatoa la moyoni. Ulizaneni: ni neno gani tumelisikia, kwetu likoje, na tulijaribu vipi? Chagueni jambo moja tu. Juma hili yai mara mbili kwa mtoto. Juma lijalo mchicha upandwe karibu na jiko. Wakati wa mavuno, maharage ya miezi mitatu yatengwe kabla mnunuzi hajafika. Na juma linalofuata, swali la kwanza liwe: je, lilifanyika? Mpelekeni mtoto kliniki kila mwezi, mkaisome kadi yake baba na mama pamoja. Ile alama katika kadi ndiyo itakayowaambia kama maongezi yenu ni ya kweli.

Wahenga walisema maneno hayavunji mfupa. Wala hayaujengi mfupa wa mtoto. Kinachoujenga ni kile kinachotoka ghalani, kikapita mikononi mwa mama na nyanya, kikafika kinywani mwa mtoto angali mdogo. Jioni ya leo, kabla chungu hakijaondolewa mafigani, ulizeni nyumbani kwenu: mtoto huyu amekula nini zaidi ya ndizi?